Wana Watatu na Damu ya Baba Zao: Kufumbua Kisasi katika Tamthilia ya Hamlet

Katika onyesho la kwanza kabisa la tamthilia ya Hamlet, walinzi wamesimama usiku wa manane kwenye ngome ya Elsinore nchini Denmaki, baridi inawauma, na mmoja wao anauliza swali la mtu aliyechoshwa na zamu: kwa nini mizinga ya shaba inasubiwa kila uchao, kwa nini silaha zinanunuliwa ng'ambo, na kwa nini mafundi wa merikebu hawapumzishwi hata Jumapili? Anayemjibu ni Horatio, rafiki wa Hamlet, na jibu lake halimhusu Hamlet hata kidogo. Linamhusu kijana wa Norwei aitwaye Fortinbras, ambaye baba yake aliuawa zamani na mfalme wa Denmaki, na ambaye sasa anakusanya wanaume wakorofi, walio tayari kupigana ili mradi wapate chakula, kwa nia ya kuzirudisha kwa nguvu ardhi alizozipoteza baba huyo. Kwa hiyo mtazamaji, kabla mzimu wa marehemu mfalme wa Denmaki haujafungua kinywa na kabla Hamlet mwenyewe, mwana wa mfalme huyo, hajaingia jukwaani, ameshasikia habari ya mwana anayedai kilichokuwa cha baba yake.

Shakespeare aliiandika tanzia hii mnamo mwaka 1600, nayo ikachapishwa kwa matoleo matatu yanayotofautiana: la mwaka 1603, la mwaka 1604 hadi 1605, na la mwaka 1623. Ndani yake wamo wana watatu ambao baba zao wameuawa, yaani Hamlet, Laertes na Fortinbras, na yumo wa nne anayeingia kwa njia ya hadithi inayoghaniwa na mwigizaji. Ufafanuzi uliozoeleka huwapanga wana hao kwa mwendo wao: Hamlet ni mzito, anafikiri mno na kuchelewa, Laertes ni moto wa makuti, Fortinbras ni mtu wa vitendo. Ufafanuzi huo una ukweli wake, lakini naona unaanza kuhesabu mahali pasipofaa. Tukiacha kidogo kuuliza nani alikuwa mwepesi na nani alikuwa mzito, tukauliza kila mwana alidaiwa nini, na nani aliyemdai, tamthilia inafunguka kwa namna nyingine kabisa, na hata kifo cha Hamlet kinaonekana kwa sura mpya.

Tuanze na Fortinbras, kwa sababu deni lake ndilo jepesi kulieleza. Baba yake, ambaye naye aliitwa Fortinbras, ndiye aliyemchokoza mfalme Hamlet, baba wa Hamlet tunayemjua, wapigane ana kwa ana. Kabla ya pigano waliandikiana mkataba uliotiwa muhuri na kuthibitishwa kisheria: atakayeshindwa atapoteza uhai wake pamoja na ardhi alizoziweka rehani. Mfalme wa Norwei akashindwa, akafa, ardhi zikahamia Denmaki. Hapakuwa na hila wala sumu, na mashahidi walikuwapo. Kinachodaiwa na mwana ni ardhi, wala si damu, na hata dai hilo limefungwa na maneno aliyoyakubali baba yake mwenyewe.

Kuna jambo dogo ambalo tamthilia inalificha hadi karibu na mwisho, makaburini, pale mchimba kaburi anapotaja kwamba alianza kazi yake siku mfalme Hamlet alipomshinda Fortinbras, na kwamba siku hiyo hiyo ndiyo aliyozaliwa Hamlet mdogo. Tangu hapo, anasema, imepita miaka 30. Hesabu hiyo ina uzito mkubwa. Inamaanisha kwamba Hamlet alizaliwa siku baba yake alipomfanya mtoto mwingine yatima, na kwamba yule anayesifiwa kuwa mwepesi wa kutenda ameishi na kifo cha baba yake miaka 30 kabla ya kunyanyua silaha. Hamlet, anayelaumiwa kwa uzito wake, kati ya usiku wa mzimu na usiku wa kuuthibitisha ukweli anakaa kiasi cha miezi miwili tu.

Deni la Hamlet ni la namna nyingine. Wananchi wa Denmaki wameambiwa kwamba mfalme wao aliumwa na nyoka akiwa amelala bustanini. Mzimu unamwambia mwanawe kwamba nyoka aliyeuondoa uhai wa baba yake sasa amevaa taji lake: ni Claudius, ndugu wa marehemu, aliyemmiminia sumu sikioni usingizini, akatwaa ufalme, akamwoa mjane. Tena aliyeuawa hakupata nafasi ya kuungama dhambi wala kupokea komunyo na mpako wa mwisho, na ndiyo maana anateseka katika moto wa kutakaswa hadi madhambi yake yaishe. Msomaji ataona kwamba malalamiko ya marehemu si juu ya uhai peke yake. Ni juu ya kufa vibaya, bila maandalizi, kama mtu aliyeondolewa safarini kabla hajafunga mizigo.

Hapo lugha yetu inaona kitu ambacho Kiingereza hakikioni upesi. Claudius, kwa hesabu yetu ya ukoo, ni baba mdogo. Mwuaji wa baba naye ni baba, na yeye mwenyewe anasisitiza hivyo anapomwita Hamlet mwanawe mbele ya baraza zima, naye Hamlet anajibu chini kwa chini kwamba wamekaribiana zaidi ya ukoo na kupungukiwa na utu. Upande mwingine, msomaji wa kwetu anaweza kukwama kwenye ndoa ile, kwa kuwa katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kurithi mjane wa ndugu lilikuwa jambo la kumstiri, wala halikuonekana kuwa uchafu. Kwa Kanisa la huko lilikuwa zinaa ya maharimu, na hadhira ya London ilikuwa na sababu ya kulikumbuka hilo: Henry VIII, baba wa malkia aliyekuwa akitawala, aliivunja ndoa yake mwaka 1533 kwa hoja hiyo hiyo kwamba mkewe alikuwa mjane wa kaka yake.

Tukirudi kwenye mzimu, neno la kushika ni lile linalotangulia agizo lake. Kabla haujamwagiza alipize kisasi, unasema: ikiwa uliwahi kumpenda baba yako mpenzi. Hamlet analia kwa mshtuko, na sentensi inamalizika kwa agizo la kulipiza kisasi cha mauaji machafu. Upendo wa mwana umegeuzwa kuwa hati ya deni. Atakayesita kuua atakuwa amekiri kwamba hakupenda. Isitoshe, agizo hilo linakuja na masharti mawili yasiyobebeka kwa pamoja na uuaji: asiichafue akili yake, na asimdhuru mama yake, amwachie mbingu. Sijui mwana gani angeweza kuyatimiza yote matatu.

Ndiyo maana kuchelewa kwa Hamlet kuna sababu zaidi ya tabia yake. Shahidi pekee wa mauaji ni marehemu, na huyo hawezi kuitwa mahakamani. Mwuaji ndiye mfalme, yaani ndiye chemchemi ya sheria ambayo mashtaka yangepelekwa kwake. Tena Hamlet amesoma Wittenberg, mji aliofundisha Martin Luther, na Wakristo wa upande huo walikuwa wameikataa imani ya toharani. Kwao kitu kinachotoka kaburini na kudai kimetoka huko kingeweza kuwa shetani aliyevaa sura ya baba. Hamlet analisema jambo hilo waziwazi. Haogopi kuua tu. Anaogopa kuua kwa neno la mwongo.

Msimamo wa sheria na dini wa wakati ule ulikuwa wazi pia. Katika Uingereza ya Shakespeare aliyeua kwa kulipiza kisasi cha kwake binafsi alikuwa mwuaji kama mwuaji mwingine, na kila mtu kanisani alikuwa amesikia maneno ya waraka kwa Warumi: "Kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa, anena Bwana." Francis Bacon, mwanasheria wa zama hizo hizo, alikiita kisasi aina ya haki ya porini ambayo kadiri binadamu anavyoikimbilia ndivyo sheria inavyopaswa kuipalilia na kuing'oa. Neno letu wenyewe, kisasi, tumelichukua katika Kiarabu, na huko katika fiqhi lina maana ya malipo yanayolingana na kosa, nafsi kwa nafsi, yanayotekelezwa kwa hukumu, huku ndugu wa aliyeuawa wakiachiwa mlango wa kusamehe au kupokea diya. Na Kurani, inapompa mrithi wa aliyeuawa mamlaka, inamwonya palepale asipite kiasi katika kuua. Kwa asili yake, basi, neno hilo lina mpaka ndani yake. Naomba msomaji aushike mpaka huo, kwa sababu tutakutana na mtu atakayeufuta.

Sasa tumtazame mwana wa nne. Kundi la waigizaji linafika Elsinore, na Hamlet anamwomba kiongozi wao aghani kipande kinachohusu kuanguka kwa mji wa kale wa Troya. Anakipenda kiasi kwamba anaanza mwenyewe kwa moyo, mistari zaidi ya kumi. Ni habari ya Pyrrhus, mwana wa Achilles, shujaa wa Kigiriki ambaye katika hadithi za kale aliuawa kwa mshale wa Paris, mwana wa Priam, mfalme wa Troya. Pyrrhus anaingia mjini usiku akimtafuta Priam, na ametapakaa damu kuanzia kichwani hadi miguuni, damu ambayo mghani anaitaja kwa hesabu: ya akina baba, ya akina mama, ya mabinti na ya wana. Tukitulia hapo tutaona kwamba mwana anayemlipizia baba yake amepakwa damu ya baba za watu wengine. Anamkuta Priam, mzee ambaye upanga umemshinda kunyanyua. Pyrrhus anainua wake, na wakati huo ngome ya Troya inaporomoka kwa kishindo, naye anashtuka. Upanga unaganda hewani juu ya kichwa cheupe cha mzee, na kwa kitambo, kama mtu aliyechorwa ukutani, hafanyi lolote. Mstari wa Kiingereza unakatika hapo hapo, ukabaki nusu, ili mghani naye anyamaze. Kisha upanga unashuka.

Hamlet amejiombea hadithi ya mwana aliyetenda. Lakini machozi ya mwigizaji hayamtoki kwa ajili ya Pyrrhus wala kwa ajili ya Achilles. Yanamtoka kwa ajili ya Hecuba, mke wa Priam, anayekimbia peku huku na huko akiwa amejifunga shuka alilolikwapua, akimwona mumewe akikatwa vipandevipande. Hamlet, akibaki peke yake, anajitukana kwa kuwa mwigizaji amelia kwa jambo la kubuni na yeye hana neno kwa jambo la kweli. Hasemi chochote juu ya damu iliyompaka Pyrrhus. Sisi tuliokaa upande wa hadhira tumeiona.

Jaribio lake la kuupata ukweli ni kuwataka waigizaji waoneshe mbele ya mfalme mchezo unaofanana na mauaji yale. Claudius anapouliza unaitwaje, Hamlet anajibu kwamba ni Mtego wa Panya. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kinachofuata, kwa maana wahenga walishasema kwamba mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Mfalme ananaswa: anainuka katikati ya mchezo na kuomba taa. Lakini mwenye kutega naye amejionesha, kwa kuwa mwuaji katika mchezo ule ametambulishwa na Hamlet mwenyewe kuwa ni mpwa wa mfalme, wala si ndugu yake. Baraza, lisilojua chochote cha sumu ya bustanini, limeona mtoto wa ndugu akimwua mfalme. Na kabla usiku haujakwisha mtego unamnasa wa tatu ambaye hakuwamo kabisa.

Katikati ya matukio hayo mawili ndipo lilipo onyesho ambalo limewasumbua wasomaji kwa karne nyingi. Hamlet anamkuta Claudius peke yake, amepiga magoti, anajaribu kuomba toba. Upanga uko mkononi, mgongo wa adui uko mbele yake. Ni Pyrrhus tena, upanga umeinuliwa juu ya mfalme, isipokuwa safari hii haushuki. Sababu anayoitoa Hamlet inatisha kuliko uoga: akimwua mtu akiwa anatubu atampeleka peponi, na hiyo itakuwa ujira, haitakuwa kisasi, baba yake alikufa na madhambi yake yamechanua, basi na huyu auawe akiwa amelewa, au anacheza kamari, au kitandani, ili roho yake iende motoni moja kwa moja. Wako wanaoamini kwamba anatafuta kisingizio tu. Mimi nayachukua maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu yanafuata vizuri mno malalamiko ya mzimu juu ya kufa bila sakramenti. Mwana amejifunza kwa baba kwamba deni si uhai peke yake, na sasa anataka kulipwa hadi ahera. Hapo mpaka umeshavukwa, ingawa hakuna tone la damu lililomwagika. Hamlet anapoondoka, Claudius anainuka na kukiri kwamba maneno yake yamepaa na mawazo yake yamebaki chini. Alikuwa hatubu. Pasipo kujua, Hamlet ameiacha nafasi aliyokuwa akiitafuta.

Dakika chache baadaye yuko chumbani kwa mama yake, anasikia sauti nyuma ya pazia la ukutani, anachoma upanga bila kuangalia, kisha anauliza kama ni mfalme. Ni Polonius, mshauri wa baraza, aliyejificha kusikiliza. Polonius ni baba. Ana mwana, Laertes, aliyeko Paris, na ana binti, Ophelia, ambaye Hamlet aliwahi kumpenda. Kuanzia hapo mwenye kudai amekuwa mdaiwa, na tamthilia iliyokuwa na mwana mmoja anayemtafuta mwuaji wa baba yake sasa ina mwingine, ambaye mwuaji anayemtafuta ni yule wa kwanza. Katika hadithi ya kale ya Kidenmaki aliyoiandika Saxo Grammaticus mnamo mwaka 1200, na ambayo François de Belleforest aliisimulia upya kwa Kifaransa mwaka 1570, mshauri anayejificha naye anauawa, lakini hana mwana anayerudi kudai. Mfalme wa Norwei aliyeuawa katika pigano hana mwana anayerudi pia. Mauaji ya baba yanajulikana na watu wote, na shujaa anapomaliza kisasi anahutubia umma, anaeleweka, na kufanywa mfalme. Jukwaa la Uingereza ndilo lililowaongeza Laertes na Fortinbras, na kwa kuwaongeza likaigeuza hadithi ya ushindi kuwa tanzia.

Laertes anarudi kutoka Ufaransa kama mafuriko. Amevunja milango ya ikulu, nyuma yake kuna umati unaopiga kelele kwamba yeye ndiye awe mfalme. Anasema tone lolote la damu yake lililotulia linamtangaza kuwa mwana wa haramu. Utii aupeleka jehanamu, dhamiri na neema azitupa shimoni, ahera haimshughulishi. Ana malalamiko yanayofanana ajabu na ya mzimu: baba yake amezikwa kwa siri na haraka, bila upanga juu ya mifupa yake, bila alama ya ukoo, bila ibada ya heshima. Pia anauliza swali ambalo ni la haki kabisa, kwa nini mfalme hakumshitaki mwuaji kwa kosa zito kiasi hicho. Claudius anampa sababu mbili, kwamba malkia anampenda mwanawe na kwamba wananchi wanampenda Hamlet kupita kiasi. Kwa maneno mengine, sheria ipo, ila haifanyi kazi pale inapomgusa aliye juu. Hilo Hamlet analijua tangu mwanzo.

Kisha linakuja shauri ambalo kwangu ndilo kitovu cha tamthilia yote. Claudius, mtu aliyemwua baba wa Hamlet, anakaa na mwana aliyefiwa na baba na kumwuliza: Laertes, baba yako alikuwa mpenzi kwako? Au wewe ni picha tu ya huzuni, uso usio na moyo? Ni ndoano ile ile ya mzimu, karibu kwa maneno yale yale. Mfu aliyeuawa na hai aliyeua, wote wawili wamewaendea wana kwa mlango mmoja: thibitisha kwamba ulimpenda baba yako, na uthibitisho ni maiti. Claudius anaongeza kuuliza angefanya nini kuonesha kwa vitendo kwamba ni mwana wa baba yake. Laertes anajibu kwamba angemkata Hamlet koo ndani ya kanisa. Claudius anaafiki: hakuna mahali panapopasa kumpa mwuaji hifadhi, na kisasi hakipasi kuwa na mipaka. Hapo ndipo mpaka niliousema unapofutwa, na anayeufuta ni mfalme, ambaye kazi yake ni kuulinda. Hila ya pigano la maonyesho, upanga mmoja usiotiwa kizuizi kwenye ncha, inatoka kwa Claudius. Sumu ya kupaka upanga inatoka kwa Laertes mwenyewe, aliyeinunua kwa mganga mtembezi. Aliyekuwa anadai heshima ya baba yake ameshika silaha ya mtu aliyemwua baba wa mwenzake.

Tusimsahau Ophelia, maana naye baba yake ameuawa, na hakuna anayemjia na swali lile. Hakuna anayemtaka athibitishe upendo wake kwa upanga, wala hakuna anayemweleza kilichotokea. Huzuni yake, isiyo na pa kwenda, inamtoka kwa nyimbo zilizovunjika na maua anayowagawia watu mmoja mmoja, hadi anaanguka mtoni na kuzama. Wana walipewa deni lililowaangamiza. Binti hakupewa chochote, akaangamia vilevile.

Fortinbras je? Hapa ndipo ufafanuzi wa mwepesi na mzito unaposhindwa kabisa. Norwei nayo inatawaliwa na ndugu wa mfalme aliyekufa, mzee mgonjwa asiyetoka kitandani. Claudius anapowatuma mabalozi kumweleza anayoyafanya mpwa wake, mzee huyo anachunguza, anagundua kwamba amedanganywa, anamwita kijana na kumkemea. Fortinbras anatii. Anaapa mbele ya mzee kwamba hatanyanyua tena silaha dhidi ya Denmaki, naye mzee kwa furaha anampa posho ya kila mwaka na ruhusa ya kulipeleka jeshi lake Polandi. Yote hayo tunayasikia kwa mistari michache tu kutoka kwa balozi, katikati ya shughuli nyingine, na ni rahisi kuyapita. Lakini katika tamthilia nzima huyo ndiye mzee pekee anayemwambia mwana aliyefiwa na baba kwamba aache.

Baadaye Hamlet, akiwa njiani kupelekwa Uingereza kwa amri ya Claudius, anakutana na jeshi hilo likipita. Afisa anamweleza kwamba wanakwenda kupigania kipande cha ardhi kisicho na faida ila jina, ambacho yeye asingekikodi kulima hata kwa dukati tano. Hamlet anajiona duni: watu 20,000 wanayaendea makaburi kama vitanda kwa ajili ya jina, na yeye aliyeuliwa baba amelala. Anamchukua Fortinbras kuwa kielelezo cha mwana anayetenda. Anakosea, kwa kuwa wakati huo huo Fortinbras ameshaliweka chini dai la baba yake. Simsifu Fortinbras kwa kuwapeleka watu wafe kwa kiwanja. Ninachosema ni kwamba Hamlet anasoma ndani ya jeshi lile kitu ambacho hakimo. Hotuba hiyo ya peke yake imo katika toleo la 1604 hadi 1605 na haimo katika lile la 1623, na kwenye maonyesho mengi haisikiki. Katika filamu ya Laurence Olivier ya mwaka 1948 Fortinbras mwenyewe hayumo kabisa. Naelewa hofu ya muda, kwa sababu tamthilia hii ikioneshwa bila kupunguzwa huchukua saa nne hivi. Hata hivyo anayemwondoa Fortinbras amemwondoa mwana pekee aliyeambiwa neno tofauti.

Hamlet anaporudi, jambo moja limebadilika, na analisema kabla ya pigano la mwisho: katika picha ya kesi yake anaiona sura ya kesi ya Laertes. Ni mara ya kwanza kwa mwana kumtambua mwana mwenzake. Anamwomba msamaha hadharani, Laertes anaupokea kwa mdomo huku amekwisha kupanga kutumia upanga wenye sumu. Dau limewekwa, farasi sita wa Barbari kwa upande wa mfalme na panga na majambia ya Kifaransa kwa upande wa Laertes. Katikati ya mchezo Laertes ananong'ona peke yake kwamba jambo hili linakaribia kupingana na dhamiri yake, ile ile aliyoitupa shimoni. Anamchoma Hamlet. Panga zinabadilishana mikono katika purukushani, naye anachomwa kwa sumu yake. Malkia amekwisha kunywa kikombe cha sumu alichoandaliwa mwanawe. Laertes anaanguka na kutamka kwamba ameuawa kwa haki na hila yake mwenyewe, na kwamba mfalme ndiye wa kulaumiwa.

Ndipo Hamlet anapomwua Claudius, kwa upanga kisha kwa kikombe, na anapofanya hivyo hamtaji baba yake. Anamwita mzinifu wa maharimu, mwuaji, aliyelaaniwa. Anamwambia amfuate mama yake. Mzimu haupo, hautokei kushuhudia. Baraza linapiga kelele za uhaini, kwa sababu mpaka dakika hiyo hakuna aliyewaambia kwamba mfalme wa zamani hakuumwa na nyoka. Claudius anakufa kwa sumu ya siku ile, haifi naye siri ya bustanini, na anayeijua baada ya Hamlet ni Horatio peke yake. Ndiyo maana Hamlet anamnyang'anya Horatio kikombe na kumsihi aendelee kuvuta pumzi kwa taabu duniani ili aisimulie habari yake.

Kabla ya hapo, Laertes, akiwa chini, amemwomba Hamlet kitu ambacho hakuna mzee aliyewafundisha. Tusameheane, anasema, kifo changu na cha baba yangu kisiwe juu yako, wala chako kisiwe juu yangu. Hamlet anajibu kwamba mbingu zimwondolee hatia hiyo, naye anamfuata. Deni lililobebwa maonyesho mengi linafutwa kwa sentensi mbili kati ya watu wawili wanaokufa.

Ngoma zinasikika. Fortinbras anaingia akitoka Polandi, anakuta maiti nne sakafuni, na anasema kwa huzuni kwamba ana haki fulani za kukumbukwa katika ufalme huu. Hamlet ameshampa kura yake akiwa anakata roho. Ardhi zilizopotea siku ile ya mkataba zinarudi, pamoja na Denmaki yote, bila yeye kunyoosha upanga. Anaamuru maakida wanne wambebe Hamlet jukwaani kama askari, mwana wa mtu aliyemwua baba yake, kisha anawatuma askari wapige mizinga.